Kidole cha Nne na cha Tano

Kama umeshika sufuria lililotoka motoni na mkono wako haukukwambia kitu, usiendelee kusoma. Nenda kliniki kwanza, maneno haya utayakuta. Mimi nilijidanganya miezi tisa, na hiyo miezi tisa naijutia kuliko siku zote za dawa.

Niseme mapema pia kwamba sina subira. Mama yangu mzazi, kule Njisi, husema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Kwa hiyo usitegemee hapa habari za mgonjwa mpole aliyelala akimshukuru Mungu. Nilimshukuru, ndiyo, lakini nikiwa natembea.

Nimeolewa karibu na Ipinda, kwenye familia ya wakulima wa mpunga na kokoa. Mume wangu, Andwele, ni mfanyabiashara wa vitenge na sabuni, anavuka kwenda Malawi na kurudi, wiki moja yupo, tatu hayupo. Nyumbani tulikuwa mimi, binti yetu Lugano, mama mkwe na baba mkwe. Ila nikisema nilikuwa nyumba moja na baba mkwe, msomaji wa mbali asinielewe vibaya. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akija njiani, mimi naiacha njia. Akikaa barazani, napita nyuma ya nyumba. Jina lake silitaji. Akiwa na neno nami humwambia mama mkwe, naye huniletea, hata kama nimelisikia lote. Siku hizi wengi wamelegeza, wengine wanakula mpaka meza moja, lakini mzee wetu ni wa zamani. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa najua sauti yake na kikohozi chake, na mgongo wake mara mbili tatu nilipochelewa kukimbia.

Ugonjwa ulianza na baka lililopauka juu ya kiwiko, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikapaka dawa ya fangasi. Likaja la pili mgongoni, nikapaka tena. Kisha nikaanza kuangusha vitu: kikombe, jembe, ndoo ya maji. Kidole cha pete na kile cha mwisho cha mkono wa kulia vikawa kama si vyangu, na vikaanza kujikunja taratibu kuelekea kiganjani. Nilisema ni uchovu wa kupasua kokoa. Siku moja nilikuwa nimeshika sufuria la wali, naongea na Lugano, naye akaniangalia akasema, "Mama, mkono wako unanuka." Ngozi ilikuwa imeshika kwenye ukingo wa sufuria. Sikuwa nimesikia chochote. Nililia, si kwa maumivu, kwa kukosa maumivu.

Kliniki mjini Kyela muuguzi aliniambia nifumbe macho, nimwambie kila atakaponigusa. Nikasubiri. Nikachoka kusubiri, nikamwambia, "Anza basi, dada."

"Nimeshakugusa mara sita," akasema.

Alilitaja jina la ugonjwa kama mtu anayetaja malaria. Ukoma. Nilicheka. Nilidhani ni ugonjwa wa kwenye Biblia, wa watu waliokaa nje ya mji wakipiga kelele. Yeye hakucheka. Akanipa pakiti ya kwanza, akanitazama nikimeza vidonge vya siku hiyo mbele yake, akaniambia zitakuwa pakiti kumi na mbili, moja kila mwezi, bila kulipa, na kwamba nikishaanza dawa siambukizi mtu: nile na wenzangu, nilale na mume wangu, nimkumbatie mtoto wangu. Jioni hiyo mkojo ulitoka mwekundu, nikatoka chooni mbio. Alikuwa ameshaniambia kuhusu hilo. Sikuwa nimesikiliza.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, watu wakiandaa majaruba ya mpunga. Tangu hapo sikuhesabu miezi tena, nilihesabu pakiti.

Pakiti ya pili ngozi yangu ilianza kubadilika. Mimi ni maji ya kunde, nikawa mweusi wa zambarau, uso kwanza, kisha mikono. Vidonge vingine, vya kuokoa mishipa ya mkono, vikanivimbisha mashavu na kuniletea njaa ya ajabu. Nilikuwa naamka nakula, nalala nimeshika ndizi. Kanisani watu walinisalimia "Mugonile" kwa heshima zote, kisha wakageuka haraka wasionekane wanatazama. Kwenye benchi za kliniki angalau hakuna aliyejifanya hatazami. Kulikuwa na mzee mmoja wa Ngana, hana vidole viwili vya mguu, ambaye kila mwezi alinikuta nimesimama mlangoni au nazunguka ua. Akaniambia, "Dada, kaa. Ukisimama, foleni haikui wala haipungui." Yeye ndiye aliyenifundisha kuzitazama nyayo zangu kila jioni, kwa sababu mwiba hautaniambia umeingia. Hajui alivyonisaidia.

Nyumbani shida ilikuwa wifi yangu, Bupe. Ana duka la nafaka Ipinda, na wanawe walikuwa wakija kwetu kila likizo. Pakiti ya pili alikuja na sahani yake mwenyewe ndani ya mfuko. Sitasema ni mtu mbaya. Aliogopa, na mwenye woga hasikii la muuguzi. Aliita kikao cha familia na kusema nirudishwe kwetu Njisi mpaka nipone. Kila mwanamke anajua maana yake. Ukipelekwa kwenu na sanduku, sanduku halirudi, na mtoto anabaki kwa baba yake. Andwele alijikuna kichwa. Mwisho wakakubaliana kusubiri mavuno. Vidole vikinyooka, nibaki. Vikikunjika kabisa, niende. Neno la mwisho angelitoa baba mkwe, na baba mkwe siku ile hakusema kitu. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimebandika sikio ukutani. Nilisikia kikohozi tu.

Kwa hiyo kuanzia siku hiyo maisha yangu yalikuwa kwenye vidole viwili.

Muuguzi alinipa mazoezi: loweka mkono kwenye maji, paka mafuta, nyoosha kidole kimoja kimoja, kila siku asubuhi na jioni. Rahisi kwa mtu mwenye makalio mazito. Mimi nilikuwa nafika kidole cha pili nimeshakumbuka kuku, mara maji, mara jirani. Mama mkwe, ambaye hakuacha hata siku moja kula chakula nilichopika, alinikemea, kisha akachoka, akampelekea mumewe habari. Akarudi na jibu la ajabu.

"Baba anasema uende kwenye kinanda."

Baba mkwe alikuwa amepiga kinanda kanisani miaka na miaka kabla sijaolewa. Kanisa liliponunua kipya, kile cha zamani, cha umeme, walimpa yeye. Kilikaa kwenye chumba cha mbele, juu ya meza, kimefunikwa kitambaa. Sikuwahi kukigusa. Mpango ukawa hivi: mimi nikae chumbani na kinanda, yeye akae barazani chini ya dirisha, mgongo ukutani, na mama mkwe akae mlangoni apeleke maneno.

"Mwambie mkwe aweke kidole cha kwanza kwenye do."

"Anasema weka kidole cha kwanza kwenye do."

"Nimesikia, mama."

"Anasema amesikia."

Siku tatu za kwanza zilikuwa vurugu. Alikuwa akitaja namba za vidole, moja, mbili, tatu, mimi nagonga, na kila kitu kinatoka kinyumenyume. Mimi tangu utoto nahesabu vidole kuanzia kile cha mwisho. Kwenye kinanda, kumbe, moja ni gumba. Mtu anayemwona mwanafunzi wake angeligundua hilo kwa sekunde moja. Yeye alikuwa na sauti tu, na ukuta. Siku ya tatu nilimsikia akimuuliza mkewe kwa upole kabisa, "Huyu anapiga kwa mkono au kwa mguu?" Mama mkwe akainama kuchungulia mkono wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu pakiti ya kwanza.

Baadaye njia ya mjumbe ikawa ndefu mno. Baba mkwe akaanza kutaja namba mwenyewe, akitazama uani. Mama mkwe akamuuliza kama sasa anaongea na mkwe wake. "Namba si maongezi," akasema. "Najihesabia." Basi akawa anajihesabia kila jioni kabla ya giza, nami nagonga. Moja, mbili, tatu, pitisha gumba chini, moja, mbili, tatu, pitisha tena, moja, mbili. Mpaka pakiti ya nne nilikuwa naweza kupanda kutoka do mpaka do bila kukosea. Masika yalikuwa yameshika, Mto Kiwira umejaa, njia ya shamba imekuwa ziwa, na mimi ambaye siwezi kukaa nilikuwa nakaa saa nzima. Nilikuwa naisubiri jioni. Nilidhani nimepata mtu wa upande wangu.

Ndipo Sekela akaja kuniona. Huyu ndiye mpiga kinanda wa kwaya sasa hivi, mwalimu wa shule ya msingi, hana maneno mengi. Nikajidai, nikampigia. Akautazama mkono wangu.

"Mbona gumba linapita mara mbili?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"So ni mbili, la ni tatu, ti ni nne, do ya juu ni tano. Kila mtu anajua hivyo. Huyu aliyekufundisha amekufundisha kuvikwepa vidole viwili."

Nilibaki nimeukodolea macho mkono wangu. Ilikuwa kweli. Wiki zote zile kidole cha nne na cha tano vilikuwa vimening'inia tu hewani, vimejikunja, vikisafiri bure juu ya vibonye kama abiria. Vidole vilevile ambavyo muuguzi alisema nivichoshe. Vidole ambavyo kwavyo ningebaki au ningeondoka.

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Niliona yote wazi: mzee ameshavihesabu kuwa vimekufa. Amenipa kitu cha kuchezea mpaka mavuno yafike. Nikakumbuka pia kwamba wahudumu wa afya walipokuja kuipima familia nzima, yeye peke yake alikataa kuvua shati. Nilikuwa nimeliona hilo ni la uzee. Sasa niliona ni kinyaa. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama ule ukuta kati yetu ni mila tu.

Nilimwambia mama mkwe ampelekee swali langu: mbona vidole viwili havina kazi. Akakataa. "Hilo siwezi kulibeba. Mkwe hamsahihishi baba mkwe wake."

Basi nikamsahihisha kwa vidole. Jioni ile akahesabu, "moja, mbili, tatu, pitisha tena," mimi sikupitisha. Nikasukuma kidole cha nne kwenye ti. Kikateleza. Nikasukuma cha tano. Hakikutoa sauti, kililala tu juu ya kibonye. Akarudia hesabu. Nami nikarudia ukaidi. Siku ya tatu aliacha kuhesabu. Nilimsikia akinyanyuka, akaondoka barazani bila kumwambia mkewe neno.

Nilifanya mazoezi peke yangu pakiti ya tano, ya sita, ya saba. Mkono kwenye maji, mafuta, kisha kinanda, cha nne, cha tano, cha nne, cha tano, mpaka kijasho kinanitoka. Sikuwa nakihisi kibonye, ilibidi nikitazame. Kidole cha nne kilianza kutoa sauti pakiti ya sita. Cha tano kilikuwa kinanitia wazimu. Kuna siku nilikipiga kofi. Kuna siku nilimpigia kelele Lugano kwa sababu tu alipita nyuma yangu akiimba. Nilimwomba msamaha, lakini mtoto hasahau upesi, na ninaandika hili kwa ajili yako mwenye watoto: waambie ni ugonjwa umekukasirisha, si wao.

Mavuno yakafika. Mpunga ulianikwa uani kwenye turubai, na Jumapili moja baada ya ibada Bupe akaja, Andwele akiwa amerudi, kikao kikakaa barazani. Mimi nilikuwa chumbani na kinanda, dirisha wazi. Sikuweza kukaa. Nilizunguka meza kama kuku aliyefungwa mguu.

Bupe aliongea kwanza. Alisema ana huruma nami, lakini vidole bado vimekunjika, watu wameviona. Andwele akasema cha nne kimenyooka karibu chote. Alikuwa amekitazama kweli kumbe, na mimi nilidhani hatazami.

"Kaka, acha tusidanganyane," Bupe akasema. "Hata Baba mwenyewe hamkaribii. Amemfundisha kinanda nje ya ukuta."

"Hiyo ni mila, Bupe."

"Mila au woga, mimi naona mtu aliyekaa mbali."

 Nami swali langu la miezi lilikuwa limetajwa hadharani, na sikuweza kungoja jibu. Sikufikiri. Nikaweka mkono kwenye kinanda na kupanda: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, nne. Nikakitazama kile cha tano, nikakisukuma kwa bega zima. Sauti ilitoka hafifu, imechelewa, lakini ilitoka.

 Kisha nikasikia kikohozi.

"Mmesikia hiyo ya mwisho?" akasema baba mkwe. "Hicho ni kidole cha tano. Changu hakijawahi kulia."

"Vidole vyako ulituambia vilivutwa na kamba ya ng'ombe, Baba," Bupe akasema.

"Havikuvutwa na kamba."

Alisema polepole, akipumzika katikati. Kwamba alipokuwa kijana, kabla ya kuoa, alikaa miaka miwili na nusu kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma, mbali, ambako hakuna aliyemjua. Kwamba alipofika huko vidole vya nne na vya tano vya mikono yote vilikuwa vimeshakufa. Kinanda alijifunzia kule kambini, si chuo cha Biblia kama alivyotuambia wote, na mwalimu wake alimpangia namba za mkono ule alio nao. "Ndizo nilizompa mkwe," akasema. "Sikuwa na nyingine. Alipozikataa nikajua mkono wake si kama wangu. Nikaona aibu." Kisha akamwita binti yake kwa jina. "Bupe, nimekulisha kwa mkono huu. Ndugu zako wote nimewalisha. Kama kuna wa kuondoka, tuanze kwa zamu. Mimi nilitangulia."

Bupe alilia. Sanduku halikutajwa tena siku ile wala baadaye. Likizo iliyofuata wanawe walikuja.

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi jioni. Lakini kikao kilipoisha tu nilisikia hasira mpya, kali kuliko ya kwanza. Pakiti nane! Nimezunguka ua wa kliniki, nimejichukia kwenye kioo, nimelala nikihesabu siku za kutenganishwa na mwanangu, na kumbe chini ya dirisha langu kila jioni alikaa mtu aliyeyapitia yote, akataja namba akanyamaza. Mama mkwe alipoingia chumbani nikamwambia, "Mama, muulize Baba kwa nini hakuniambia."

Alikaa kwenye kiti cha kinanda. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Panga foleni, mama Lugano," akasema. "Mimi nina miaka arobaini na mbili kwenye nyumba hii."

Hakumuuliza. Alipika, akamwekea chakula, akaongea naye habari za mbegu na mbolea. Aliniambia analiogopa jibu. Nilitaka kupasuka, lakini swali lilikuwa lake kabla ya kuwa langu, na hilo ndilo jambo moja maishani nililolisubiria bila kusukuma. Baba mkwe alirudi chini ya dirisha. Hakuhesabu tena. Alisikiliza tu, na nikipatia alikuwa akisema "ndaga" kuelekea uani, yaani asante, kama vile anajisemea.

Nimemaliza pakiti ya kumi na mbili. Kidole cha nne kimenyooka. Cha tano kimebaki nusu, na muuguzi anasema huenda kikaishia hapo. Ngozi inarudi rangi yake kidogo kidogo, mashavu yamepungua. Sihisi moto kwa upande ule wa mkono, kwa hiyo nashika sufuria kwa kitambaa kinene na Lugano hunikumbusha hata pale nilipokumbuka. Kama una baka lisilosikia, usilipake kitu. Wahi. Kama anayetibiwa ni mkweo au wifi yako, kula naye.

Siku niliyorudi na pakiti ile tupu, mama mkwe alikuwa barazani anapepeta mchele, mumewe pembeni yake, nami nikaingia chumbani kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Nilisikia ungo ukisimama. Alimuuliza mumewe kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, ili nami nisikie. Kwa nini miaka yote hiyo hakumwambia.

 Nyumba ile baba mkwe aliijenga mwenyewe kwa mikono ileile. Shamba ni la babu yake. Kila aliyelala pale alilala kwa ruhusa yake.

"Niliogopa mtanirudisha kwetu," akasema.